Njiwa hapasuki tumbo kwa kula mchele mkavu

Miaka nenda rudi unasambazwa ujumbe kwenye makundi ya WhatsApp: mwaga mchele mkavu juu ya paa, njiwa wasumbufu wataula, utawavimba tumboni, watapasuka na kufa. Si kweli.

Ndege wengi hula nafaka hiyo mashambani bila kudhurika. Njiwa akimeza punje, firigisi yake yenye misuli minene huzisaga kwa msaada wa vijiwe alivyodonoa. Watu huchanganyikiwa kwa sababu wameona mchele ukifura sufuriani, lakini hapo maji yanachemka. Joto la mwili wa njiwa ni kama nyuzi 41 tu. Jaribu mwenyewe: loweka punje chache kwenye maji ya uvuguvugu, uone zinavyovimba polepole na kwa kiasi kidogo.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mchele huo ni karamu, na huwaita njiwa wengine. Tafadhali, ukiupata ujumbe huo wa WhatsApp usiusambaze. Ondoa mabaki ya chakula, funika mapipa ya taka, na uzibe kwa wavu matundu wanamotaga, baada ya kuhakikisha hamna makinda ndani.