Duka la kuzamia: watu wanaangalia vitu visivyo

Dhana kubwa kuliko zote ni hii, eti duka zuri la kuzamia baharini ni lile lenye gia mpya (vifaa vya kuzamia) zinazong'aa ukutani. Hapana jamani. Ukweli uko kule nyuma kwenye kompresa, mashine ya kujazia mitungi ya hewa unayopumua chini ya maji, omba kuiona, duka linalojiamini litakuonyesha bila kukunja sura. Angalia bomba linalovuta hewa limeelekea wapi, kama liko karibu na moshi wa injini au pale magari yanapopaki basi kaboni monoksaidi inaingia kwenye mtungi wako, na hiyo gesi haina harufu wala rangi, halafu ukishuka mita 30 presha ni mara 4 ya huku juu, kwa hiyo kiasi ambacho nchi kavu kingekuumiza kichwa tu kule chini kinaweza kukuzimisha kabisa. Ndo maana filta lazima zibadilishwe kwa wakati na hewa ipimwe. Uliza karatasi ya kipimo cha mwisho, wakianza kuzungukazunguka we ondoka.

"Kwani mitungi si inajazwa oksijeni?" Hii nayo imeenea sana. Kinachojazwa ni hewa hii hii ya kawaida, oksijeni kama asilimia 21, imeshindiliwa mpaka presha ya baa 200 hivi, yaani karibu mara 200 ya huku juu. Oksijeni tupu ukipita nayo mita 6 inaanza kuwa hatari, unaweza kupata degedege ukiwa majini na hapo kujiokoa ni ngumu mno. Kama unatumia nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, duka makini linakupa kipimo upime mtungi mwenyewe kabla hujaubeba.

Halafu kuna wanaosema duka lisilokusumbua na maswali ndo lenye huduma nzuri. Mimi naona kinyume kabisa!! Wakikupa fomu ya afya, wakauliza kama una pumu au shida ya moyo, una cheti cha ngazi gani, mara ya mwisho umezama lini, unapanda ndege lini (ukizama mara kadhaa subiri angalau masaa 18), ujue hao wanakujali. Cheti cha mwanzo cha PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, mwisho wake mita 18, sasa anayekushusha 35 kisa umelipa anacheza na maisha yako.

Gia za kukodi kwamba zote mbovu? Si kweli, inategemea matunzo tu, omba kuona daftari la sevisi ya regyuleta (kile kifaa cha mdomoni cha kupumulia) na tarehe ya ukaguzi iliyogongwa kwenye mtungi.

Na ile ya kwamba instrakta akiwa na uzoefu vifaa vya dharura havina haja, hiyo inaniuma kwelikweli. Mtu akiibuka haraka akapatwa na ugonjwa wa mgandamizo, yaani vipovu vya gesi mwilini, huduma ya kwanza ni kumpa oksijeni tupu pale pale botini wakati anakimbizwa hospitali, uzoefu wa instrakta haujazi mapafu yake. Kabla boti haijang'oa nanga uliza mtungi wa oksijeni uko wapi na nani anajua kuutumia.