Hitboksi Si Mwili Unaouona

Kwenye vibanda vya gemu hapa Kampala, kuanzia Kisenyi hadi Wandegeya, hitboksi limekuwa neno la kulaumu. Mtu akiangushwa na mhusika wa kike, hasira zinamtoka papo hapo: "Kachagua mwanamke huyo, hitboksi yake ndogo, hata ukimlenga vipi humpati!" Waliomzunguka wanaitikia. Maneno hayo yamerudiwa mpaka baadhi ya waandaaji wa mashindano ya mtaani sasa wanatangaza kwamba wahusika wa kike hawaruhusiwi. Hilo linaniuma, kwa sababu wanaofungiwa hawana kosa lolote, na wengi wao ni wasichana waliotaka tu kucheza na mhusika anayefanana nao.

Hitboksi ni eneo lisiloonekana ambalo gemu hulitumia kuamua kama risasi imekupata au imekukosa. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Tatizo linaanzia pale watu wanapoichanganya na modeli. Modeli ni kile unachokiona: sura, nywele, nguo, kiuno, mabega. Modeli ni ya macho. Ndani yake kuna mifupa inayoendesha mwendo wa mhusika, na juu ya mifupa hiyo yamefungwa maumbo sahili, siku hizi mara nyingi kama vidonge vya dawa: kimoja kichwani, vingine kifuani na tumboni, vingine mikononi na miguuni. Ukifyatua, katika gemu nyingi za bunduki mstari ulionyooka hutoka katikati ya skrini yako, na gemu hukagua umegusa kidonge kipi. Ukigusa cha kichwa, mwenzako ameumia vibaya. Ukipita kwenye nywele zilizofungwa nyuma, hujagusa kitu, hata kama macho yako yanaapa kwamba umempata. Counter-Strike: Global Offensive ilihamia kwenye vidonge hivyo Septemba 2015, kabla ya hapo ilitumia maboksi.

Sasa, mtengenezaji akitaka anaweza kuvalisha modeli ishirini tofauti juu ya vidonge vilevile, na wengi ndivyo wanavyofanya. Valorant iliyotoka 2020 imewapa wahusika wote hitboksi moja: Brimstone, mzee wa mabega mapana, na Jett, msichana mwembamba, mbele ya risasi ni sawasawa. Counter-Strike ilipoongeza wahusika wapya Novemba 2019, wakiwemo wanawake, haikuwapunguzia hitboksi. Hata zamani, katika Quake III Arena ya 1999, kila mhusika, awe mwanamke askari au mifupa mitupu inayotembea, aliwekwa ndani ya boksi la kipimo kimoja.

Anayebisha na ajaribu. Fungua mechi ya faragha ya Valorant, mwambie rafiki achukue Jett upande wa adui, asimame karibu na ukuta. Lenga ncha ya nywele zake zilizofungwa nyuma, piga risasi moja. Tundu litatokea ukutani na afya yake haitashuka.

Na hapa kuna jambo ambalo walalamikaji hawalitazami kabisa. Kama hitboksi ni moja kwa wote, basi kwa mhusika mwembamba vidonge huweza kujitokeza kidogo nje ya mwili unaoonekana. Ukikosea kiuno kwa nywele moja, bado unaweza kumpata. Kwa mhusika mnene aliyejaa makoti na mifuko ni kinyume chake: unapiga nguo unayoiona vizuri, na ndani ya nguo hiyo hakuna kidonge. Kama kuna anayependelewa hapo, ni yule bwana mkubwa.

Sisemi malalamiko yote ni ya uongo. Kuna gemu ambazo hitboksi zinatofautiana kweli, na watengenezaji wake hawakuficha. Katika Overwatch ya 2016, Tracer ni mdogo na mwepesi, lakini alipewa afya 150 tu, huku Roadhog, jitu la tumbo, akianza na 600. Katika Apex Legends, Wraith alikuwa mgumu kupigwa kwa umbo lake dogo, na kwa muda kila risasi iliyompata ilimwumiza kwa asilimia 5 zaidi. Adhabu hiyohiyo alipewa Pathfinder, na Pathfinder ni roboti. Ukirudi nyuma zaidi, GoldenEye 007 ya 1997, aliyechukiwa na kila mtu alikuwa Oddjob, mwanamume, kwa sababu alikuwa mfupi na ilibidi uinamishe bunduki kumlenga. Kilichobishaniwa kote huko ni kimo na unene, wala si jinsia.

Kisha kuna jambo la kuonekana, ambalo si hitboksi hata kidogo. Skini nyeusi, yaani vazi, ya mhusika Roze katika Call of Duty: Warzone ililalamikiwa duniani kote kwa sababu ilimezwa na giza kwenye kona za vyumba, na mwaka 2021 watengenezaji waliirekebisha ionekane zaidi. Roze ni mwanamke, ndiyo, lakini kilichokuwa kinawaua watu ni nguo nyeusi. Mvalishe mwanamume nguo hiyo, atajificha vilevile.

Na kwa sisi wa Uganda kuna la tatu: mtandao. Data yetu inavuka mpaka kwenda pwani ya Kenya, halafu baharini, mpaka seva ya Afrika Kusini, Ulaya au Mashariki ya Kati. Pingi, yaani muda data inaochukua kwenda na kurudi, ikipanda, adui unayemwona kwenye skrini yako yupo pale alipokuwa muda mfupi uliopita. Seva nyingi hujaribu kurudisha saa nyuma ili zione ulichokiona wewe, lakini zina kikomo. Risasi iliyoonekana kumpita mwanamke mwilini bila kumdhuru, mara nyingi imepotelea kwenye safari hiyo. Ungemlenga mwanamume muda uleule, ungemkosa pia.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuyaite mambo kwa majina yake. Skini inajificha gizani? Sema haionekani. Risasi hazihesabiwi? Angalia pingi kwanza. Gemu ina hitboksi tofauti kweli? Mtaje mhusika mwenyewe na gemu yenyewe. Na waandaaji, mkitaka kukataza kitu, andikeni jina la skini na sababu yake, halafu muwaruhusu hao dada wacheze.