Camry, Accord, Sonata na wenzao: yasemwayo na yaliyopo

Wanunuzi wengi wa gari la familia huchagua nembo kwanza, kisha ndipo hutazama gari lenyewe. Kwenye sedani za saizi ya kati zenye injini ya silinda nne, mtindo huo huwaponza watu. Toyota Camry, Honda Accord, Nissan Altima, Mazda6, Hyundai Sonata, Kia Optima ambayo baadaye iliitwa K5, Subaru Legacy na Volkswagen Passat yamegombea wateja wale wale kwa miaka mingi, na kila moja limebadilishiwa injini na giaboksi zaidi ya mara moja. Kinachofaa kulinganishwa ni kizazi cha gari, injini yake na gia zake. Ukishika hilo, maneno mengi yaliyozoeleka hayana pa kusimama.

"Silinda nne haiwezi kubeba watu watano na mizigo"

Zamani maneno haya yalikuwa na ukweli ndani yake. Sasa tazama tarakimu. Camry ya 1997 yenye V6 (injini ya silinda sita) ya lita 3.0 ilitoa nguvu farasi 194, na hakuna aliyeiita dhaifu. Camry ya 2018 yenye silinda nne za lita 2.5, bila turbo (kipulizi kinachoisukumia injini hewa zaidi), inatoa 203. Honda nayo iliiondoa V6 ya lita 3.5 kwenye Accord ya 2018 na kuweka silinda nne ya lita 2.0 yenye turbo. Nguvu farasi zilishuka kutoka 278 hadi 252, lakini torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ilipanda kutoka Nm 342 hadi 370 hivi, tena inaanza kupatikana injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 tu kwa dakika. Gari likijaa watu na mlima uko mbele, torki ya chini namna hiyo ndiyo inayokusaidia, kwa sababu hulazimiki kukanyaga mafuta hadi injini ilie.

Kuna jambo moja ambamo V6 bado inaongoza: utulivu. Kwenye silinda nne za mstari, pistoni mbili zinapanda huku mbili zinashuka, ila zinazopanda na zinazoshuka haziendi kwa kasi sawa kila wakati. Tofauti hiyo huzaa mtetemo unaojirudia mara mbili kwa kila mzunguko wa krankshafti, mhimili mkuu wa injini. Dawa yake ni shafti mbili za kusawazisha zinazozunguka kwa kasi maradufu, wazo la Mwingereza Frederick Lanchester la mwanzoni mwa karne ya 20, ambalo Mitsubishi ililirudisha sokoni miaka ya 1970. Subaru ilipita njia nyingine: silinda za Legacy zimelala, mbili kila upande, na pistoni zinazotazamana zinafutana mtetemo. Kwa hiyo unapojaribu gari, usiishie kwenye mwendo kasi. Simama, weka gia ya D, washa kiyoyozi, shika usukani. Injini iliyosawazishwa vizuri na yenye mauntingi (vishikizo vya injini) nzima hutaisikia mkononi.

"Injini ndogo yenye turbo lazima ile mafuta kidogo"

Si lazima. Mwaka 2018 Toyota na Honda zilitoa majibu mawili tofauti kwa swali moja. Honda ilitumia lita 1.5 na turbo, nguvu farasi 192. Toyota ilibaki na lita 2.5 bila turbo, ikapandisha mgandamizo hadi 13 kwa 1 na kuweka nozeli za aina mbili: moja inapuliza mafuta ndani ya silinda, nyingine kwenye njia ya hewa. Kwenye vipimo rasmi vya Marekani, Camry ya toleo la LE ilipata wastani wa lita 7.4 kwa kilomita 100 na Accord 7.1. Kwa mtu anayeendesha kilomita 20,000 kwa mwaka, tofauti ni kama tanki moja tu. Mtu asikuuzie gari kwa hoja hiyo peke yake.

Turbo ndogo hubana matumizi unapoenda taratibu. Ukilibebesha gari mzigo, ukapanda milima au ukaoveteki mara kwa mara, turbo inapeleka hewa nyingi, kompyuta inaongeza mafuta, na faida ile inapotea. Tena injini inayopuliza mafuta ndani ya silinda pekee hukusanya masizi nyuma ya vali za hewa, kwa kuwa hakuna petroli inayozipitia na kuzisafisha. Nozeli mbili za Toyota zinapunguza tatizo hilo. Injini ya Honda ya lita 1.5 imewahi kulalamikiwa kwa jambo jingine: kwenye baridi kali na safari fupi fupi, petroli huchanganyika na oili. Anayekaa penye joto na kwenda safari ndefu hana sababu kubwa ya kuihofia. Anayekaa kwenye theluji na kwenda kilomita tatu asubuhi na tatu jioni anayo.

Pengo la kweli la matumizi lipo kwenye haibridi, gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Camry Hybrid LE ya 2018 ilipimwa wastani wa lita 4.5 kwa kilomita 100. Kwa zile kilomita 20,000, hiyo ni zaidi ya lita 500 zinazobaki mfukoni mwako kila mwaka ukilinganisha na Camry ya kawaida. Toyota yenyewe imekubali hesabu hiyo: tangu Camry ya 2025, kila moja ni haibridi, silinda nne zile zile za lita 2.5 pamoja na mota za umeme, jumla nguvu farasi 225 kwa inayovuta magurudumu ya mbele.

"Ukisikia CVT, kimbia"

Hapa inafaa kwenda polepole, maana watu wameumia kweli na hofu yao si ya kubuni. CVT ni giaboksi ya otomatiki isiyo na gia moja, mbili, tatu. Ina puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, na mkanda wa chuma katikati. Faida yake ni kwamba injini hubaki kwenye mizunguko inayokula mafuta kidogo. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kinategemea mkanda kushika puli bila kuteleza, na ushikaji huo unategemea oili yenye shinikizo sahihi, ubora sahihi na joto sahihi.

Altima za 2013 hadi 2016 ndizo zilizoichafulia CVT jina. Kutetemeka wakati wa kuondoka, kusita, kupata joto na kupunguza nguvu: malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Nissan iliongeza muda wa waranti ya giaboksi hizo Marekani. Anayeitaka Altima ya miaka hiyo aiendeshe ikiwa imepata moto, si dakika tano tu, na adai kumbukumbu za kubadilisha oili ya giaboksi.

Lakini neno CVT limebeba mashine zisizofanana hata kidogo. Honda inatengeneza yake yenyewe. Subaru inatumia cheni badala ya mkanda. Na kile ambacho Toyota inakiita CVT kwenye Camry Hybrid hakina mkanda wala puli: ni seti ya gia za sayari na mota mbili za umeme, meno yameshikana muda wote, hakuna cha kuteleza. Ni miongoni mwa giaboksi imara kuliko zote kwenye daraja hili, na inasikitisha kuona mtu akiikataa kwa sababu ya herufi tatu. Haibridi ya Accord nayo, kwa sehemu kubwa ya mwendo wa mjini, inasukumwa na mota ya umeme moja kwa moja, na injini hujiunga na magurudumu kwa klachi likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu.

Asiyetaka CVT kabisa ana pa kwenda pia. Mazda6 ilibaki na gia sita za kawaida za otomatiki, Camry ya 2018 ina nane, na Sonata na Optima kwa miaka mingi zilikuwa na sita.

Kosa linaloua CVT nyingi linafanyika gereji: kuwekewa oili ya otomatiki ya kawaida. Oili ya CVT ni ya aina yake, na kila kampuni ina ya kwake. Maneno "oili ya maisha yote" nayo yasikupumbaze. Oili huchoka kwa joto kama kitu kingine chochote, na giaboksi mpya ni ghali mno kuliko kubadilisha oili.

"Toyota haifi, Mkorea hafiki mbali"

Kila upande wa sentensi hii una mfano wa kuivunja.

Camry za 2007 hadi 2009 zenye injini ya lita 2.4, inayojulikana kama 2AZ-FE, zilipata sifa ya kula oili. Ringi za pistoni zilinasa uchafu na kushindwa kukwangua oili, na mwenye gari asiyepima kijiti kila mara alijikuta na injini kavu. Toyota ilikuja kutoa mpango maalumu wa kurekebisha baadhi yake. Injini ya lita 2.5 iliyoingia mwaka 2010 haikurithi ugonjwa huo kwa kiwango kile. Gari ni lile lile kwa macho, jina ni lile lile, na miezi michache ya uzalishaji inatenganisha injini mbili tofauti kabisa.

Hyundai na Kia zilikuwa na mkasa mkubwa zaidi. Sonata za 2011 na 2012 zenye injini ya Theta II, lita 2.4 na 2.0 ya turbo, ziliitwa zirudishwe mwaka 2015 kwa sababu chembe za chuma zilibaki ndani ya krankshafti wakati wa kuichonga kiwandani. Chembe hizo huziba njia za oili, bearingi za konrodi zinakosa ulainisho, zinagonga, na injini inaweza kuzima ghafla gari likiwa barabarani. Wito huo ulipanuliwa baadaye hadi miaka mingine, na mwishowe waranti ya sehemu ya chini ya injini hizo Marekani ikafanywa ya maisha ya gari. Hilo ni kosa zito na lisifichwe. Hata hivyo, kosa hilo liko kwenye injini inayotajika kwa jina na miaka inayotajika kwa tarakimu. Sonata ya 2020 ilikuja na injini nyingine ya lita 2.5.

Neno kwa anayefuata waranti ndefu ya Wakorea, miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi nchini Marekani: imeandikwa kwa mmiliki wa kwanza. Ukilinunua gari hilo mkononi mwa mtu, ulinzi unaopata ni mfupi zaidi.

"Cheni ya taiming haiguswi milele"

Camry iliacha mkanda wa taiming, ule unaoendesha vali za injini, na kuweka cheni kwenye silinda nne mwaka 2002, Accord mwaka 2003, na wengi wakapumua. Cheni hudumu kweli, lakini kikaza chake husukumwa na oili. Oili chafu au pungufu hukilegeza. Passat zenye injini ya 2.0 TSI za mwishoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na vikaza vilivyoshindwa na kuharibu vali. Ukisikia mlio wa kukwaruza kwa sekunde chache asubuhi injini inapowaka, usinunue kabla fundi hajafungua na kuangalia.

"Saizi ya kati ni saizi moja"

Marekani hupanga sedani kwa ujazo wa ndani, abiria pamoja na buti, si kwa urefu wa nje. Accord ya 2018 na Camry ya mwaka huo zote zina urefu wa karibu mita 4.88, lakini buti ya Accord ina lita 473 na ya Camry 428, na kwa vipimo hivyo Accord iliangukia daraja la magari makubwa. Peleka mkokoteni wa mtoto na kiti chake unapokwenda kuangalia gari. Mdomo wa buti ni muhimu kuliko lita zilizoandikwa.

"Yote ni salama sawa, yana nyota tano"

Mwaka 2012 IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, ilianza jaribio jipya: gari linagonga kizuizi kwa robo tu ya upana wa mbele, upande wa dereva, kwa kilomita 64 kwa saa. Camry ya wakati huo, iliyokuwa na sifa nzuri kwenye vipimo vilivyotangulia, ilipewa daraja la chini kabisa. Accord mpya ya 2013 ilipata la juu. Toyota ilirekebisha muundo, na Camry zilizotengenezwa mwishoni mwa 2013 zikapanda. Kwa familia inayochagua kati ya Camry ya 2012 na Accord ya 2013, hili lina uzito kuliko redio, rangi na matumizi ya mafuta kwa pamoja.

"Jina ni moja, gari ni moja"

Accord iliyouzwa Ulaya kuanzia mwaka 2003 si ile ya Amerika. Ilikuwa ndogo zaidi, na Marekani iliuzwa kama Acura TSX. Passat iliyounganishwa Chattanooga, Tennessee, kuanzia 2011 ilikuwa kubwa kuliko ya Ulaya. Honda ilianza kuunda Accord Marysville, Ohio, mwaka 1982, na Toyota imeunda Camry Georgetown, Kentucky, tangu 1988, kwa hiyo "la Japani" kwenye mdomo wa muuzaji haithibitishi chochote. Soma herufi ya kwanza ya namba ya chesisi: J ni Japani, K ni Korea Kusini, W ni Ujerumani, 3 ni Mexico, na 1, 4 au 5 ni Marekani. Iandike namba yote kabla hujaagiza hata plagi, kwa sababu spea za gari la soko moja mara nyingi hazikai kwenye la soko jingine.