Dawa ya magoti ya Mama, na yale tunayoyaamini

Mama alipoanza kushuka ngazi kinyumenyume, Hajati jirani yetu hapa Kampala alimletea chupa ya dawa ya mizizi. Wiki mbili baadaye alikuwa anatembea vizuri. Tangu hapo kila anayelalamika magoti nyumbani kwetu huambiwa dawa ipo, tumeshaijaribu.

"Kanywa, kapona, basi inafanya kazi."
Maumivu ya gegedu lililosagika (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) hupanda na kushuka. Mtu hukimbilia dawa siku yamezidi kabisa, na baada ya hapo mara nyingi hupoa hata angekunywa maji matupu. Tena tumaini lenyewe hutuliza, wala mgonjwa hadanganyi: nafuu anaihisi kweli. Ndiyo maana watafiti huwagawa wagonjwa kwa kura. Kundi moja hupewa dawa, jingine hupewa kitu kinachofanana nayo kwa rangi na ladha (anayeujua uchungu wa mululuza, mmea wa dawa, ataelewa ugumu wa kazi hiyo), na mpaka mwisho si mgonjwa wala daktari anayejua nani kapewa nini. Kwa wiki 12 hivi wanaulizwa: goti linauma kiasi gani? Asubuhi linakakamaa? Ngazi je, na kuinuka kitini? Ni maswali yaleyale tunayomuuliza Mama.

"Kuipima ni kumdharau mganga."
Wandegeya, hapa Kampala, kuna taasisi ya serikali inayochunguza dawa za asili tangu miaka ya 1960, na sheria ya mwaka 2019 inawatambua waganga wa tiba asili. Mimi naona dharau ni kuuacha ujuzi wa wazee bila ushahidi. Ubani wa India, kwa mfano, ulipimwa hivyo, na mapitio ya tafiti ya mwaka 2014 yakaonyesha kwamba dondoo lake, yaani kiini kilichotolewa kwenye utomvu wake, hupunguza kidogo maumivu ya viungo. Kidogo, lakini si porojo.

"Ikituliza ndani ya siku mbili, hiyo ndiyo kali."
Hapa ndipo ninapoogopa zaidi: nafuu ya haraka hivyo huenda imetoka kwenye dawa ya hospitali iliyofichwa ndani. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu Artri King, vidonge vilivyouzwa kama vya asili kwa ajili ya viungo. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki (dawa ya kutuliza maumivu) na deksamethasoni (dawa ya steroidi), ambazo hazikuandikwa kwenye kibandiko. Ya kwanza huweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Ya pili hupandisha sukari, na aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kuzirai. Mzee mwenye kisukari anameza zote mbili akidhani ni majani.

"Mitishamba haina madhara."
Ipo inayoumiza ini, na ipo inayogongana na dawa za kuzuia damu kuganda. Mwambie daktari unachokunywa.

"Inaotesha gegedu upya."
Hakuna dawa, ya hospitali wala ya shambani, iliyothibitika kulirudisha gegedu lililokwisha. Kupunguza uzito na kuimarisha misuli ya mapaja husaidia. Mama sasa hukaa kitini kila jioni, ananyoosha mguu mmoja, anahesabu kumi, kisha mwingine. Chupa ya Hajati bado iko kabatini, na daktari wa Mama anajua.