Kompyuta moja, akaunti tatu, rangi tatu: dhana potofu na ukweli

Kwenye studio ya picha za harusi mjini Unguja, kompyuta moja huweza kuhudumia watu watatu: anayesafisha picha, anayepanga albamu na anayechapa. Kila mmoja huingia kwa akaunti yake. Gauni la damu ya mzee linaonekana jekundu kwa mmoja na kahawia kwa mwengine, ilhali kioo ni kile kile. Lawama huangushiwa kamera au wino, na mipangilio ya rangi hakuna anayeikagua.

Dhana: Kioo kikishapimwa rangi zake, kompyuta nzima imekaa sawa.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kipimo huzaa faili dogo liitwalo profaili ya rangi, linaloueleza mfumo jinsi kioo hicho kinavyotoa nyekundu, kijani na buluu. Muundo wake unasimamiwa na ICC (International Color Consortium), chombo cha viwango vya rangi kilichoundwa 1993, ndiyo maana Windows, macOS na Linux zote zinausoma. Lakini mifumo hiyo ina ngazi mbili: ya mtumiaji na ya mfumo mzima. Ukiiweka profaili kwenye ngazi yako, inafuata akaunti yako tu. Mwenzako akiingia, anaona kioo kama hakijapimwa kabisa. Ukiona rangi zinageuka pale tu unapotoka ukurasa wa kuandika nywila na kuingia ndani, yamkini profaili imewekwa kwako peke yako, maana ukurasa ule hausomi mipangilio ya mtu binafsi.

Dhana: Faili likionekana na wote, linatumika kwa wote.

Kuwepo kwa faili na kuunganishwa na kifaa ni mambo mawili. Windows huweka profaili kwenye folda moja ya mfumo, System32\spool\drivers\color, lakini tangu toleo la Vista kila mtumiaji anaweza kuwa na muunganisho wake. Ili wote waupate, msimamizi hufungua sehemu ya usimamizi wa rangi, huenda kwenye mipangilio ya juu na kubadilisha chaguo-msingi la mfumo. Aliyekwisha kuweka tiki ya kutumia mipangilio yake mwenyewe lazima aiondoe, la sivyo yake ndiyo itakayoshinda.

macOS ina folda mbili: Library/ColorSync/Profiles iliyomo kwenye folda yako ya nyumbani, na nyengine ya jina hilo hilo kwenye mzizi wa diski. Ya kushirikiana ni hiyo ya mzizi. Kwenye Linux, profaili ya mtu hukaa .local/share/icc ndani ya folda yake ya nyumbani, na ya wote /usr/share/color/icc. Mazingira ya GNOME, yaani sura ya madirisha na menyu inayotumika kwenye Linux nyingi, yana kitufe cha kuiweka kwa watumiaji wote, nacho hudai nywila ya msimamizi.

Dhana: Basi tuwape wote usimamizi.

Hapana. Msimamizi anahitajika mara moja, wakati wa kuweka. Studio ikifanya kila mtu msimamizi, kila mtu anaweza kuvuruga rangi za wenzake.

Dhana: Printa itaifuata profaili yangu popote ilipo.

Kwenye Linux, huduma ya kuchapa ya CUPS hufanya kazi kwa akaunti yake yenyewe, na kwa kawaida haina ruhusa ya kusoma folda yako ya nyumbani. Kwa hiyo profaili ya printa na karatasi, ambayo ni tofauti na ya kioo, naishauri iwekwe ngazi ya mfumo tangu mwanzo.

Dhana: Kushirikiana ni kuinakili hata kwenye kompyuta ya jirani.

Profaili ni ya kioo kimoja. Vioo viwili vya modeli moja hutofautiana, na kila kimoja hubadilika kinavyozeeka. Kwa hiyo hata kwenye kompyuta ile ile, kila mnapopima upya, profaili mpya ipandishwe ngazi ya mfumo siku hiyo hiyo. Ikibaki kwa aliyepima, wengine wataendelea kusafisha picha kwa kipimo cha zamani bila kujua.