Mfuko wa afya utapimwa dirishani

Zanzibar ilitangaza matibabu ya bure baada ya Mapinduzi ya 1964, na mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya kuanzisha Mfuko wa Huduma za Afya. Mjadala wote umekwenda kwenye michango: nani akatwe, kiasi gani, asiye na uwezo alipiwe na nani. Ni maswali ya haki. Lakini mgonjwa wa Micheweni, Pemba, ataujua Mfuko kwenye dirisha la dawa, na dirisha lile huendeshwa na leja, daftari la dawa zinazoingia na kutoka. Pesa zikiongezeka na leja ikabaki ilivyo, dawa zitakwisha vilevile.

Kosa kubwa liko kwenye hesabu ya oda. Chukua amoksilini ya miligramu 250. Kwa siku 90 kituo kimetoa kapsuli 1,200. Anayeagiza hugawa kwa miezi 3, akapata 400 kwa mwezi. Fungua kadi ya dawa utakuta siku 30 salio lilikuwa sifuri. Kumbe zile 1,200 zimetoka kwa siku 60: 20 kwa siku, 600 kwa mwezi. Waliokuja siku zile 30 wakaambiwa wakanunue nje hawakuandikwa popote, na kwa mujibu wa leja hawakuumwa.

Sasa agiza ya miezi 4, mitatu ya kutumia na mmoja wa akiba, huku kabatini zimebaki 150. Oda sahihi ni 2,400 toa 150, yaani 2,250. Kwa maboksi ya kapsuli 100 ni maboksi 23, si 22. Aliyekosea ataomba 1,450. Pamoja na zile 150, zitamfikisha siku ya 80, na mzigo wa Bohari Kuu ya Dawa anautegemea siku ya 90. Akiba yake ilikuwa ya karatasini tu.

Wastani nao una hila. Oda ya ORS na zinki, dawa za kuharisha, kwa ajili ya masika usiipime kwa matumizi ya kiangazi. Tazama masika ya mwaka jana. Na kisiwani Kojani, ambako mzigo lazima upande chombo, akiba ya mwezi mmoja naiona ndogo.

Kama Mfuko unataka kipimo kimoja cha kuvipima vituo, ningechagua siku ambazo dawa haikuwepo, kabla ya idadi ya wagonjwa. Kitachezewa, hilo halina shaka: boksi moja litafichwa chini ya kabati ili salio lisisome sifuri. Kwa hiyo sifuri ianze pale salio linaposhuka chini ya dozi kamili za watu 10. Kwa mtu anayemeza kapsuli 1 mara 3 kwa siku 5, dozi ni kapsuli 15. Basi chini ya 150, siku hiyo iandikwe haina dawa. Na anayehesabu kabati asiwe yule yule anayeandika leja.