Askari Akituhumiwa: Yanayosemwa Barazani na Yaliyomo Kwenye Sheria

Risasi ikifyatuliwa na mtu akaanguka, iwe Malindi mjini au Mpeketoni, maneno huutangulia uchunguzi. Barazani askari polisi aliyefyatua ameshahukumiwa. Kituoni wenzake wanamwambia atulie, mambo yatapoa. Wote wanakosea, na gharama humfika askari na familia inayodai haki vilevile.

"Anayekimbilia wakili ana la kuficha." Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila anayekamatwa haki ya kunyamaza na kuzungumza na wakili. Sare haiiondoi. Ila kuna mambo mawili yasiyofaa kuchanganywa. Ripoti ya kutumia nguvu ni lazima: Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka afisa amweleze mkubwa wake mara moja, na kifo au jeraha baya lifike kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. Kuficha ni kujiongezea kosa. Taarifa ya mshukiwa ni jambo jingine. Hiyo ndiyo ya kumngojea wakili.

Ripoti inataka mambo makavu: saa, mahali, silaha, risasi zilizotoka na zilizorudi, waliokuwepo, majeruhi alipelekwa wapi. Inapoharibika huharibika hivi: afisa ameshtuka na amechoka, anakadiria. Kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, anaandika risasi mbili, kitabu cha silaha kinaonyesha tatu. Miezi baadaye kiongozi wa mashtaka anaviweka vitabu hivyo viwili pamoja mbele ya hakimu, na makadirio yanasomeka kama uongo. Kazi ya wakili si kumpikia mteja maneno. Anamsaidia kutenga alichokiona na anachokikisia, na kumzuia asitie saini karatasi asiyoisoma mpaka mwisho.

"Niliamriwa na mkubwa, atajibu yeye." Jedwali hilohilo linasema amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Ndiyo maana si busara aliyeamuru na aliyefyatua kutetewa na wakili mmoja. Utetezi wa huyu unaweza kumzamisha yule.

"Serikali itanilipia, mimi ni mtu wake." Kwenye jinai, Serikali ndiyo inayoshtaki, kupitia Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kifungu cha 50 cha Katiba kinaruhusu mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya dola pale ambapo bila wakili angedhulumiwa pakubwa, na kwenye kesi za mauaji mahakama huteua. Kwa mashtaka mengine jiandae kulipa mwenyewe. Msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 unawalenga wasio na uwezo.

"Mahakama ikiniachilia, nimerudi kazini." Si lazima. Kesi ya nidhamu ina njia yake na kipimo chake cha ushahidi. Dai mashtaka kwa maandishi, muda wa kujiandaa na nafasi ya kuwahoji mashahidi.

"Wakili wa askari anamnyima marehemu haki." Hili linaumiza zaidi, maana linasemwa na watu wenye uchungu wa kweli. Lakini ungamo lisilotolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa mwenye cheo kinachotakiwa na sheria asiye mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu aliyechaguliwa na mshukiwa, halipokelewi. Kesi ikivunjika hapo, familia ndiyo inayorudi mikono mitupu. Wakili aliyekuwepo tangu mwanzo huziba mwanya huo mapema. Familia nayo isikae kimya: Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inaipa nafasi ya kusikizwa mahakamani, hata kupitia wakili wake.

Kwa walioko Lamu, umbali nao una sehemu yake. Wakili anayetoka Malindi ana zaidi ya kilomita 200 hadi Mokowe, kisha avuke kwa boti. Na aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya mahakama ikiwa muda umeisha nje ya saa za kazi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Namba ya wakili iwe kwa mke au ndugu kabla ya tatizo, simu ipigwe saa ileile, na mdhamini aje mahakamani na kitambulisho na hati ya ardhi au ya gari mkononi, si ahadi ya kuzileta kesho.